Chumba cha Mtu wa Kwetu

Dada yangu hakuogopa kemia. Hakuogopa hata fizikia, ambayo kitabu chake kilikuwa kizito tukakitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge. Sehemu iliyomshinda katika mtihani wa kuingia chuo cha udaktari ilikuwa ile inayohusu akili za watu na jamii. Alikuwa ameshaufanya mtihani huo mara moja. Kwingine kote alipata alama za kutosha, hapo akaanguka, na vyuo alivyoviomba vikamjibu kwa barua fupi za upole. Alikuwa akisema, "Figo nazijua, moyo naujua. Watu ndio sijui wanataka niwajue vipi."

Tulikuwa tunaishi Langley Park, orofa ya pili, nyumba ya vyumba viwili. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja, kile kingine tukikipangisha. Yeye alikuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee huko Rockville. Mimi nilifua mashuka hapo hapo, chini, mahali pasipo na dirisha. Asubuhi tulipanda basi pamoja. Njia mpya ya treni ilikuwa inajengwa, barabara imechimbuliwa, na basi lilikuwa linazungukia mitaa ambayo zamani halikupita. Safari ikawa ndefu, na dada akaigeuza kuwa darasa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nane, huko Kitale. Baba alipopata viza ya bahati nasibu na kutuleta huku ng'ambo, nilikuwa nimeshakaa nyumbani muda mrefu nikimtunza nyanya, na nilipofika niliona haya kurudi shule na watoto. Hata hivyo dada alinichagua mimi kuwa mwanafunzi wake. Alikuwa na mtindo wake wa kujifunza: anasoma somo kwa Kiingereza, kisha ananieleza kwa Kiswahili. Nikilielewa, anaweka alama. Nisipolielewa, analirudia.

"Nikishindwa kukueleza wewe, basi sijaelewa," alisema. Hakukuwa na dharau ndani yake. Mimi ni mtu wa kufahamu polepole, na yeye alihitaji mtu wa namna hiyo, kwa sababu kichwa chake kilikimbia kikaruka mambo.

Somo la ubaguzi alinieleza ndani ya basi, mikoba yetu ya chakula ikiwa mapajani.

"Kuna vitu vitatu, usivichanganye," alisema. "Cha kwanza kiko kichwani. Mzee wa chumba cha mwisho kule kazini anafikiri sisi wote tuliotoka Afrika ni wazembe. Hiyo ni picha aliyo nayo ya watu wote kwa jumla. Cha pili kiko moyoni. Nikimkaribia anakereka kabla sijafanya kitu. Hiyo ni chuki ya kabla ya kujuana. Cha tatu kiko mkononi. Anakataa nisimwogeshe, anaomba mwingine. Sasa ametenda. Hicho cha tatu ndicho wanachokiita ubaguzi."

"Na akikereka lakini akakubali umwogeshe?"

"Hapo ana chuki, lakini hajabagua."

"Kwa hiyo anaweza kuwa na kimoja bila kingine."

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

Hilo lilimwingia vizuri. Lililomshinda ni upande wa pili: mtu kubagua pasipo chuki yoyote. Kulikuwa na swali moja la mazoezi ambalo alilikosa kila lilipomjia. Mwenye duka anaajiri watoto wa majirani zake tu, kwa sababu anawajua wazazi wao na anawaamini. Watu wengine wa mji hawachukii, anasalimiana nao, anawauzia kwa bei ile ile. Wakija kuomba kazi anawaambia nafasi imejaa. Je, hilo ni nini? Dada alichagua jibu lililosema hakuna ubaguzi. Kitabu kilisema upo.

"Lakini hana nia mbaya," alikiambia kitabu. "Mtu akichagua anaowajua, kosa lake ni lipi?"

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikukanyaga, kwanza unamtafutia sababu. Labda hakukuona, labda ana haraka, labda ameamka vibaya. Dada aliyasoma maswali yale kwa adabu hiyo hiyo, akawatetea watu wa kwenye karatasi kana kwamba ni wakwe zake, na kila utetezi ulimpunguzia alama.

Wakati huo huo mpangaji wetu alihama. Alikuwa muuguzi wa kutoka kwetu, akapata kazi upande wa Virginia na kuhamia Springfield, maana kuvuka mto kila siku kulikuwa kunamla. Chumba kikabaki kitupu. Tulijua sote wawili maana yake. Kisipopata mtu kabla ya mwezi kwisha, dada angelazimika kurudi kwenye zamu za Jumamosi na Jumapili alizokuwa ameziacha ili asome, na bila siku hizo mtihani wa majira yale haungewezekana.

Tangazo likatolewa katika kundi la kanisa letu kwenye simu, na simu zikaanza kulia. Dada alikuwa na namna yake ya kuzipokea. Kwanza alisalimia, akauliza kama baridi imewaweza. Kisha: "Na nyumbani ni wapi?" Mtu akisema Nairobi, hilo halikuwa jibu, kila mtu hutoka Nairobi. "Nairobi sawa, na kwa babu hasa?" Akisema Kitale kama sisi, bado, kwa kuwa Kitale ina watu wa kila namna. "Kitale sehemu gani?" Alipofika hapo alikuwa ameshajua lugha ya mama yake mtu huyo, na kama si yetu alisema kwa sauti tamu kwamba chumba kimeshachukuliwa lakini atamkumbuka. Hakuna aliyekasirika. Nadhani wengi wa waliopiga walifanya vivyo hivyo walipokuwa na chumba.

Simu zilimkatiza masomo, akanipa mimi nizipokee. Sijui alifikiri nini. Mimi hata kumuuliza dereva kama basi linafika ninakokwenda hunichukua vituo viwili.

Wa kwanza kupiga simu ikiwa mikononi mwangu alikuwa mwanamke.

"Allô, dada, bonjour. Niko nasikia kuko chumba."

"Ndiyo."

"Kingali?"

"Kingali."

"Niko na mutoto moja, wa kike. Hana kelele, yeye ni kusoma tu. Namba nilipewa na mama moja ya kanisa yenu, tunafanya naye kazi ku hoteli."

Nilimsikia ni Mkongo. Nilijua pia kwamba zamu yangu ya kuuliza ilikuwa imefika, kwenu ni wapi, kisha wapi hasa, kisha niseme kwa sauti tamu. Maneno yalikataa kutoka. Yeye alikuwa anangoja, nasikia sahani zikigongana nyuma yake, nami nikasema kitu chepesi kuliko vyote: "Njoo Jumamosi uone."

Nilipomwambia dada, aliweka kalamu chini. "Sasa atakuja," alisema. Basi.

Jumamosi mchana walifika, mama na binti wa miaka tisa hivi mwenye miwani. Mama alikuwa mtu wa mwili, amevaa kitenge chini ya koti la baridi. Dada aliwakaribisha vizuri mno. Alitoa vikombe vya wageni, akachemsha chai ya maziwa, akawaonyesha chumba, kabati na bomba la joto linalogongagonga asubuhi. Mtoto alisema kwa Kiingereza kwamba dirisha ni kubwa kuliko lao. Mama alimwambia aseme kwa Kiswahili, na mtoto akasema tena, kwa Kiingereza, polepole zaidi.

"Hapa ndivyo," mama alisema. "Banaelewa yote, kujibu banakataa."

"Hata wetu kanisani ni hivyo hivyo," dada alisema.

"Kule tunakaa, karibu na ile njia ya treni, bamepandisha loyer. Kodi. Barua imesema tulipe mwisho wa mwezi ao tutoke." Akatazama vitabu vilivyojaa mezani. "Na docteur ni nani hapa?"

"Bado, mama. Mtihani ndio unanitesa."

"Utapita. Kisha utanitibia huu mgongo bure."

"Utapanga foleni kama wengine."

"Mimi nitakuwa nakaa nyumba moja na docteur, foleni ya nini?"

Dada alicheka, na kicheko kilikuwa cha kweli. Kwa dakika moja nilifikiri jambo limekwisha, mtu amepatikana. Kisha alishika kikombe chake kwa mikono miwili na kusema, "Lakini kuna mtu alinipigia jana. Nimemwahidi nusu nusu. Nitakujulisha."

Hapakuwa na mtu wa jana. Simu ilikuwa kwangu.

Mama alinitazama mimi, hakumtazama dada. "Nusu nusu," alisema. "Na ile nusu ni ya mutu wa kwenu?"

"Hapana, mama. Ni mtu tu."

"Haya. Mutu tu." Alitabasamu, akammalizia mtoto chai iliyobaki, akavaa koti. Mlangoni alitushukuru kwa chai, na shukrani yake haikuwa ya kejeli. Alikuwa amechoka kama sisi. Alipokuwa akishuka ngazi alishikilia ukuta kwa ajili ya ule mgongo.

Dada aliosha vikombe. "Mbona hukumuuliza kwenye simu?"

"Niliona haya."

"Haya zako zitatumaliza. Leo ni yeye na mtoto, kesho ni binamu na godoro. Maombi ya usiku kucha na ngoma. Mimi nasoma wapi?"

"Umewahi kuishi nao?"

"Watu wanasema." Akakausha kikombe kimoja muda mrefu. "Mimi simchukii. Umeona nimempa chai. Nataka tu mtu wa kwetu, tuelewane. Ni kosa?"

Aliketi, akanisukumia kadi zake za maswali. Jumamosi saa hizo ndipo nilipokuwa nikimwuliza naye akijibu. Nasoma Kiingereza polepole, neno kwa neno, na yeye hungoja bila kunisaidia, maana anasema kungoja kunampa muda wa kufikiri. Nilichukua ya juu. Haikuwa ile ya mwenye duka. Ilikuwa ya enzimu. Akajibu. Iliyofuata ilikuwa ya kusikia na sikio la ndani. Akajibu. Ya mwenye duka ilikuja baadaye, kama ilivyokuja siku zote, nami nikaisoma yote hadi mwisho, watoto wa majirani, bei ile ile, nafasi imejaa.

Alinyosha mkono, akaichukua kadi. Kisha alisema, "Ni ubaguzi."

"Nieleze."

"Hana chuki na mtu. Lakini waliokuja kuomba kazi hakuwapima kwa kazi. Amewapima kwa walikotoka, na kwa sababu hiyo akawanyima. Walionyimwa wamekosa mshahara ule ule ambao wangekosa kama angewachukia. Kwa hiyo ukitafuta chuki hutaiona, na ukisema basi hakuna kitu, umekosea. Angalia alichotenda na kimempata nani."

Hajawahi kunieleza kitu vizuri hivyo. Nilielewa chote, hapakuwa na mahali pa kuuliza. Aliweka alama kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, alama ya kwamba hii sasa imeingia. Mtu wa orofa ya chini alikuwa anapiga msasa kitu.

"Yule wa jana ni nani?" niliuliza.

"Soma inayofuata," alisema.

Nikasoma inayofuata.

Watu wa kwetu walipiga. Mmoja alitaka chumba lakini na mume atakayefika baadaye. Mwingine alipanda ngazi zetu, akatazama barabara iliyochimbuliwa na mabasi yaliyojaa, akasema Langley Park imemshinda, anatafuta huko huko Springfield. Wa tatu, binti wa rafiki ya shangazi, aliahidi na hakutokea. Dada alingoja. Kila aliposikia simu alinitazama usoni ajue kama ni mtu wa kwetu, nami nikatikisa kichwa. Mwezi ukaisha. Kodi yote tukaitoa sisi wawili, na dada akarudi kwenye zamu za mwisho wa wiki.

Alimwomba msimamizi wake ampe Jumamosi tu, Jumapili apumzike asome. Msimamizi ni mwanamke mpole. Anajua siku ya kuzaliwa ya kila mtu na huleta keki. Alimshika dada bega, akamwambia Jumapili hawezi: "Ninyi wasichana wa Afrika ndio ninaoweza kuwategemea Jumapili, wengine hunipigia simu kwamba wanaumwa." Dada alinisimulia haya ndani ya basi bila hasira.

"Anatupenda," alisema. "Anatupenda kwa moyo wake wote. Ndiyo maana Jumapili zote ni zetu." Kisha akasinzia begani pangu, kadi zikiwa mkononi, nami nikazichukua zisidondoke.

Masomo yakawa hivyo. Ninasoma swali, nageuka, amelala. Ninangoja kituo kimoja, nalisoma tena. Siku moja, tukiwa kituoni, alisogeza mtihani mpaka majira mengine. Alifanya kwa simu, amesimama kwenye upepo, kwa kidole kilichokufa ganzi. Aliponyanyua uso alisema tu kwamba basi limechelewa.

Jioni hiyo alivua soksi zake za kazi, akaziweka juu ya bomba la joto. Akiwa amenipa mgongo alisema, "Mpigie yule mama."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba chumba kipo."

Simu hiyo niliibeba siku mbili. Nilijizoeza kule chini, kati ya mashine, mahali ambapo hakuna anayesikia. Mama, habari, chumba kipo. Mama, shikamoo, yule mtu hakuja. Nilipopiga hatimaye sikusema lolote kati ya hayo, nilisema tu, "Ni mimi wa chumba."

"Ah, dada ya chumba." Sauti yake ilikuwa ile ile. "Nilishapata. Kuko mutu wa kwetu, wa Bukavu, ako na chumba ya chini ya nyumba. Yeye anataka watu wa Bukavu tu, si munajua. Batu bengi balikuwa banaitaka."

"Ni kizuri?"

"Kuko giza kidogo. Mutoto anasema dirisha ni ya panya." Alicheka. "Na docteur? Ule mtihani?"

"Umesogezwa mbele."

"Pole. Umwambie pole yake."

Nilimwambia dada yote mawili, kwamba amepata kwa mtu wa kwao na kwamba anampa pole. Alikuwa anakula ugali na sukuma, akasimamisha mkono.

"Kwa mtu wa kwao," alisema.

"Ndiyo."

Alitazama meza, ile sehemu ambayo vitabu vilikuwa vimeondolewa tupate mahali pa sahani. "Yule mtoto angekuwa anasomea hapa saa hizi," alisema. "Tungesoma sote." Ugali aliuacha.

Baada ya hapo tangazo halikutolewa tena kanisani peke yake. Dada aliniambia nilibandike pia kwenye duka la chini na kwenye chumba cha kufulia, bila kuniambia nani nimkubali. Ilichukua muda. Jumapili moja, yeye akiwa kazini, alikuja mwanamke mtu mzima wa Kitanzania, amejitanda ushungi, mkono mmoja umeshika simu na mwingine kibegi cha magurudumu, kana kwamba ameshaamua. Anafanya kazi ya kutunza mgonjwa nyumbani, na mgonjwa wake alikuwa amehamia kwa mwanawe karibu na kwetu.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Dada yuko kazini. Naweza kukuonyesha mimi."

Nilimwonyesha. Alifungua kabati, akalifunga, akafungua bomba la maji na kuacha yatiririke mpaka yawe moto. Jikoni alisimama mbele ya sufuria zetu.

"Mnapika nguruwe humu?"

Ningeweza kudanganya. "Mara moja moja, Krismasi."

"Basi mimi nitakuja na sufuria zangu, na rafu moja iwe yangu. Mtaweza?"

"Tutaweza."

"Na huyo dada yako ana makelele?"

"Anasoma. Anataka kuwa daktari."

"Mwenyezi Mungu amjalie. Mtu anayesoma hana makelele." Akaketi kwenye kiti cha dada, akashusha pumzi kama mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nihamie lini?"

"Hata leo," nilisema, na leo hiyo hiyo ndiyo aliyohamia.

Dada alirudi giza likianza kuingia. Aliona viatu vigeni mlangoni na sufuria mpya kwenye rafu ya juu, akaziangalia bila kuvua koti. Kutoka chumbani alisikika mtu akikohoa na kupanga vitu.

"Za nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Za mpangaji."

Alikwenda, akabisha, akasalimia, nikamsikia akisema karibu mama, jisikie nyumbani, na sauti nyingine ikimwuliza mbona macho mekundu hivyo. Aliporudi aliketi na viatu vyake, akasema kesho atamwambia msimamizi kwamba Jumapili hatakwenda, akubali asikubali. Aliomba chai. Niliweka maji, nikasimama hapo jikoni nikisubiri yachemke, na nilipomletea kikombe alikuwa amelala mezani, shavu juu ya mkono, na yule mama alikuwa amekwisha kumfunika kwa ushungi wake.